Mchana najinyima, usiku namaliza chapati za watoto

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto watatu. Naishi Kimara na ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Naomba usitaje jina langu, maana mawifi zangu wanaisoma safu hii.

Shangazi, nina tatizo la kula. Nakula kwa kujificha na nikianza siwezi kuacha.

Mchana ukiniona utanisifu. Asubuhi nakunywa maji ya moto na ndimu, naondoka nyumbani kabla ya saa 12. Kazini wenzangu wanaagiza supu na vitumbua, mimi nakunywa chai kavu. Mchana nikizidiwa nanunua tango au kipande cha tikiti. Jumatatu na Alhamisi nafunga na, Mungu anisamehe, nia yangu kubwa ni kupungua. Balaa linaanza nikishuka mwendokasi Kimara Mwisho. Pale kuna vijana wa chipsi. Nanunua zege ya mayai mawili na mishkaki, naila nimesimama nyuma ya kibanda jirani asinione. Nikifika nyumbani nakaa na familia nakula ugali kidogo, ili mume wangu aone najitahidi. Saa 5 usiku wote wakishalala, naamka. Nafungua hotipoti nachukua chapati moja kati ya zile za watoto za asubuhi. Najiambia moja tu. Zinaisha zote. Nahamia kwenye mkate na siagi ya karanga, biskuti, wali baridi na mchuzi uliobaki kwenye friji. Nakula gizani, nimesimama, kwa haraka kama nafukuzwa. Naacha tumbo likianza kuuma. Halafu nalia, nalala, asubuhi naanza tena na ndimu.

Inatokea mara tatu au nne kwa wiki. Nilikuwa na kilo 70, sasa nina 89, na urefu wangu ni sentimita 160. Ni kama mwaka mmoja na nusu sasa, tangu mama yangu afariki. Aliugua figo, nilimuuguza mimi hapa nyumbani kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza, tukamzika Muheza.

Mwezi uliopita nilipimwa presha ikawa 148 kwa 92. Daktari alisema, "Mama, punguza uzito," akaita mgonjwa mwingine. Kuna dada mtandaoni ameniuzia chai ya kupunguza tumbo. Inaniendesha kila siku, mzani unashuka kilo mbili, baada ya siku chache zinarudi. Mume wangu si mtu mbaya ila siku hizi ananiita "bonge langu" hata mbele ya wageni. Mawifi wanasema maisha yamenikubali. Fundi ameniambia kitambaa cha sare ya harusi ya mdogo wangu hakinitoshi. Nashinda na madera.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita mume wangu aliuliza chapati zinakwenda wapi. Nilinyamaza. Akamgeukia dada wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka Singida, akamwambia ana wizi wa chakula. Sikusema neno. Binti alilia, na tangu siku hiyo chapati hagusi kabisa.

Shangazi, mimi ni mlafi? Nifunge jikoni kwa kufuli, ufunguo akae nao mume wangu? Nipe dayati ambayo nitaweza kuishika. Harusi ni Desemba.

Mama wa watatu, Kimara

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Chakula umekieleza kwa urefu, hadi idadi ya mayai kwenye zege. Mama yako umempa mistari miwili, ukakimbilia kwenye presha. Nitarudi kwake. Kwanza nikujibu ulichouliza: hapana, wewe si mlafi. Na dayati sikupi, kwa sababu unayo tayari, na hiyo ndiyo inayokupeleka kwenye hotipoti usiku.

Nikusimulie kitu kilichofanyika Marekani mwaka 1944 na 1945, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys, aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea. Waliteuliwa kwa kuwa walikuwa wazima wa mwili na watulivu wa akili. Alitaka kujua njaa inamfanyia nini mtu na namna bora ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokuwa wakiteseka kwa njaa kwa sababu ya vita. Kwa miezi sita aliwapa takribani nusu ya chakula walichozoea. Vijana wale, ambao awali chakula hakikuwa na nafasi kubwa kwenye mawazo yao, wakaanza kukiota usiku. Walikusanya vitabu vya mapishi, walilamba sahani, wakawa wepesi wa hasira na huzuni. Baadhi walishindwa wakala kwa siri. Muda wa njaa ulipoisha na wakaruhusiwa kula watakavyo, wapo waliokula mpaka wakaugua, na bado walisema hawajashiba.

Hakuna aliyekuwa na tabia mbaya kati yao. Walinyimwa, miili yao ikadai. Wewe unajinyima mwenyewe, tangu alfajiri hadi saa 2 usiku, siku sita za wiki, halafu unashangaa mwili ukidai. Glasi ya ndimu, chai kavu, tango. Mwanangu, mwanamke anayesimama kaunta kutwa nzima Kariakoo, kwenye joto lile, akabanwa kwenye basi hadi Kimara, hawezi kuishi kwa tango. Ndimu haina uwezo wa kuyeyusha mafuta mwilini. Ni kiungo kizuri cha samaki, basi. Tumbo likikaa tupu muda mrefu hutoa homoni inayoitwa ghrelini, ambayo kazi yake ni kuuambia ubongo utafute chakula. Ukiwa na msongo wa mawazo wa muda mrefu, mwili nao hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi, na hiyo humvuta mtu kwenye sukari na mafuta, kwa kuwa vyakula hivyo hutuliza kwa dakika chache. Kwa hiyo unaposhuka pale Kimara Mwisho na harufu ya chipsi ikakupiga, una njaa ya kweli ya kutwa nzima na una majonzi juu yake. Nani angepita kibanda kile?

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokutaka ufanye, na litakutisha, ni kula mchana. Usianze na kupunguza cha usiku.

Asubuhi kabla ya kutoka kula kitu kinachokaa tumboni: mayai mawili ya kuchemsha na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, au bakuli la uji wa ulezi usiotiwa sukari nyingi na karanga kidogo. Ukishindwa saa hizo kwa sababu ya kuwahi basi, beba, ule ukifika dukani. Mchana mwite mama lishe kama wenzako. Kula wali au ugali, lakini mwambie, "Mama, wali nusu, niongezee maharage na mchicha." Kama kuna samaki au dagaa, chukua. Maharage, samaki, mayai na mboga za majani ndivyo vinavyokushikilia. Wali mtupu na mchuzi utakuacha na njaa saa 9. Halafu, na hili usilipuuze hata kidogo, saa 10 au 11 jioni, kabla hujaenda kupanda basi Gerezani, kula ndizi mbili na konzi ya karanga, au nusu parachichi. Hiyo ndiyo silaha yako ya Kimara Mwisho. Ukishuka ukiwa na kitu tumboni, chipsi zitaendelea kunukia vizuri lakini hazitakuamrisha. Na siku utakayozitaka kwa raha yako, zinunue, zibebe nyumbani, uzile kwenye sahani pamoja na kachumbari, ukiwa umekaa. Nyuma ya kibanda usirudi tena.

Usiku wa familia kula mlo kamili. Ule ugali kidogo wa kumwonyesha mume uache. Unakula kidogo mbele yake na nyingi nyuma yake, na wote wawili mnadanganyika.

Kuhusu saumu za Jumatatu na Alhamisi: ibada ni yako na Mola wako, siisemei. Ila umeniandikia mwenyewe kwamba nia kubwa ni kupungua. Kwa hali uliyonayo nakusihi uzisimamishe kwanza, uzirudie moyo na mwili vikitulia. Saumu ya kujiadhibu inaishia kwenye futari ya kulipiza.

Sasa saa 5 usiku.

Ukiamka ukajikuta unaelekea jikoni, washa taa. Taa kwanza, kabla ya friji. Kisha jiulize swali moja: kama humu ndani kungekuwa na ugali wa jana na matembele tu, ningekula? Kama jibu ni ndiyo, una njaa. Pasha chakula, kiweke kwenye sahani, kaa kwenye kiti, ule. Si kosa mtu kula saa 5 usiku akiwa na njaa. Kula taratibu tu, maana taarifa ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo, na wewe kwa mwendo ulionieleza unakuwa umemaliza chapati zote kabla haijafika.

Kama jibu ni hapana, kwamba unachotaka ni chapati na siagi na si kingine chochote, basi kuna jambo linakusumbua na tumbo halihusiki. Usijikataze. Ukijiambia "leo sili kabisa" utaanzisha vita usiyoweza kushinda ukiwa umechoka. Jiambie, "Nitakula baada ya robo saa." Kaa sebuleni na simu, fungua sehemu ya kurekodi sauti, useme kwa kunong'ona kilichopo. Nimechoka. Bosi kanikata mshahara kwa hesabu isiyo yangu. Nimemkumbuka mama. Hamu ya namna hii hupanda kama homa na mara nyingi hushuka yenyewe, mtu akiipa muda. Usiku mwingine haitashuka na utakula. Sawa, kula, lakini taa ikiwaka, chapati ziko kwenye sahani. Asubuhi inayofuata uamke unywe chai na mayai yako kama kawaida. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wakila usiku, mchana wanajinyima ili kulipa deni, na kujinyima kule kunaandaa usiku mwingine kama ule. Deni hakuna. Kunywa chai.

Kufuli usiweke, wala ufunguo usimpe mumeo. Nyumba ambayo mama anafungiwa chakula haitakuponya, na watoto wako watatu watajifunza kwamba chakula ni kitu cha kuviziana.

Nirudi kwa mama yako.

Nimekaa kwenye misiba mingi ya jiji hili na mikoani, na nimemwona mtoto wa kwanza anavyokuwa. Ndiye anayetafuta gari la kusafirisha mwili. Ndiye anayejua jikoni imebaki sukari kilo ngapi, nani kachanga, nani bado. Kila mtu mzima anayeingia anamshika bega: jikaze, wadogo zako wanakutazama. Siku ya tatu turubai linashushwa, sufuria za kukodi zinarudishwa, yeye anapanda basi kurudi Dar kwa sababu likizo ya msiba imekwisha. Hitma ya arobaini ikisomwa, watu wanahesabu kwamba yamepita. Sisi ni hodari sana wa kumzika mtu. Kumkalia aliyebaki baada ya arobaini, hilo hatulijui vizuri, na mimi linaniuma kila ninapopokea barua kama yako.

Umeniandikia kwamba ukimaliza kula unalia. Sidhani machozi yale yote ni ya chapati.

Na kuna swali jingine nataka ujiulize. Ulipokuwa unamuuguza, saa 5 usiku ulikuwa unafanya nini? Kama ndizo saa ulizokuwa unaamka kumgeuza, kumpa dawa, kusikiliza kama anapumua, basi huenda mwili wako bado unaamka kwenda zamu. Unafika jikoni, mgonjwa hayupo, mikono haina kazi. Watu waliouguza muda mrefu hunieleza jambo hilo mara nyingi. Kama ndivyo, unahitaji kumlilia mama, na hakuna dayati duniani inayofanya kazi hiyo.

Huyo mdogo wako anayeolewa, mpigie simu leo. Harusi ya Desemba mama hayupo, na nadhani wewe ndiye utakayekaa kwenye nafasi yake, upokee watu, umfunde na umtoe mwali. Hujaniandikia hilo lakini nalisikia. Labda naye analia peke yake huko aliko, akijua dada ana mambo mengi. Kaeni siku nzima, mzungumze habari za mama yenu, alivyokuwa mkali, alivyopika, alivyougua, mcheke na mlie. Kama mna mama mdogo au mjomba Muheza mwenye kumbukumbu, nendeni mkalale kwake usiku mmoja, mpite kaburini. Ukiona kwa ndugu hutaweza, tafuta mtu wa ushauri nasaha. Nitakueleza pa kuanzia.

Sare ya harusi: mwambie fundi aongeze kitambaa. Akushonee mwili ulionao leo, vizuri, ukae kwenye nafasi ya mama yako ukiwa umependeza. Ukipungua atabana mshono, ni kazi ya nusu saa. Kujiwekea Desemba kama siku ya hukumu kutakurudisha kwenye ndimu.

Chai ya kupunguza tumbo iache leo, si kesho. Chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki, majani ya kuharisha. Zile kilo mbili zinazoshuka ni maji na choo, mafuta yako yako palepale, ndiyo maana zinarudi. Kuharisha kila siku kunakupotezea maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo huvurugika mapigo. Kuna baya zaidi. Kulikuwa na dawa ya kupunguza uzito inayoitwa sibutramini. Iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu wakati huo mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuwa zikiikuta imechanganywa kimyakimya kwenye bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Wewe una presha ya 148 kwa 92. Hujui kilichomo kwenye pakiti ile, na aliyekuuzia huenda naye hajui.

Mumeo. Unasema si mtu mbaya na nakuamini. Basi mpe nafasi ya kuwa mzuri. Mkiwa wawili mwambie, "Jina la bonge linaniuma. Sitaki uniite hivyo, mbele ya wageni wala tukiwa peke yetu." Usicheke ukisema, maana ukicheka atadhani ni utani. Kisha mwambie habari za usiku, zote. Asigeuke kuwa askari wa sahani yako, hesabu ya chapati haimhusu. Unachomwomba ni kwamba akisikia umeamka, aje akae nawe sebuleni. Mawifi na maisha kukukubali, wajibu "Alhamdulillah" ubadilishe habari. Kwetu watu wanautazama mwili wa mwanamke kama gazeti la mtaa: akinenepa maisha mazuri, akipungua ana ugonjwa au kaachwa. Huna sababu ya kuwafafanulia.

Sasa binti wa Singida. Hili halisubiri ushauri nasaha wala mzani. Leo hii, kabla ya chakula cha usiku, mbele ya mumeo na mbele ya watoto kama walisikia, sema: chapati nilikula mimi, na nilikosea kunyamaza. Mwombe radhi binti kwa jina lake, na mumeo amwombe radhi naye kwa neno la wizi. Binti wa miaka 19 aliye mbali na kwao, akibandikwa jina hilo kwenye nyumba ya watu, linaweza kumfuata hadi nyumba inayofuata na hadi kijijini kwao. Najua utaona aibu. Lakini siri ndiyo inayolisha ugonjwa huu kuliko unga na mafuta, na siku utakayoisema kwa sauti utakuwa umeiondolea nusu ya nguvu zake. Tena, acha chapati zipikwe kwa hesabu inayowatosha wote, wewe ukiwemo.

Nimesema ugonjwa, nieleze. Kula chakula kingi kwa muda mfupi huku ukijihisi huwezi kujizuia, kwa haraka, kwa siri, hadi maumivu, kisha aibu, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu: madaktari wa akili wa Marekani waliliweka jambo hili kwenye mwongozo wao rasmi mwaka 2013 kama tatizo la kiafya linalojitegemea, mbali na unene. Uliyoyaandika yanafanana nalo sana. Kwa barua siwezi kukupima, na ndiyo maana nataka uende hospitali ya rufaa, Mwananyamala au Amana, ama Muhimbili kwenye idara ya magonjwa ya akili. Usiogope jina la idara. Pale hawatakupa mzani kisha waite mgonjwa mwingine. Kuna matibabu ya mazungumzo yanayofundisha mtu kukata mnyororo huu wa kujinyima na kujaza, na yamewasaidia wengi. Ukiingia usiseme "nataka kupungua." Sema, "Nakula usiku bila kuweza kujizuia tangu mama yangu afariki." Sentensi hiyo itakufungulia mlango mwingine kabisa. Na kama kuna jambo hukuniandikia, kwamba unajitapisha baada ya kula au kwamba usiku unawaza heri usingekuwepo, nenda kesho asubuhi, usingoje wiki iishe.

Ukiwa huko wapime presha upya, maana kipimo cha siku moja hakitoshi kusema una ugonjwa wa presha, ingawa kuanzia 140 kwa 90 ni lazima ufuatiliwe. Wapime na sukari. Omba pia kumwona mtu wa lishe. Hospitali hizi wanao.

Usingizi na mazoezi nayapitia haraka kwa sababu hayo umeshayasikia. Anayelala masaa machache huamka na njaa kubwa zaidi, kwa hiyo simu iwekwe chini mapema. Kutembea nusu saa jioni na mumeo au na wanao kunatosha kwa sasa. Jimu iache hadi moyo utulie.

Na uzito utashuka lini? Nakusihi usipande mzani kwa wiki za mwanzo. Ukianza kula asubuhi na mchana unaweza kuuona umesimama, hata umepanda kidogo kwa sababu umeacha kuharisha, nawe ukaogopa ukaacha kila kitu. Usiku wa hotipoti ukipungua kutoka mara nne kwa wiki hadi moja, hapo ndipo uzito huanza kushuka wenyewe, polepole, nusu kilo kwa wiki au pungufu. Huhitaji kurudi kwenye kilo 70 ndipo afya irudi. Kwa wengi, kupunguza asilimia 5 tu ya uzito kunaanza kuishusha presha na sukari, na kwako hiyo ni kama kilo nne na nusu. Ukifika hapo rudi ukapimwe presha, kisha uniandikie ilivyosoma, na habari za binti wa Singida pia.

Shangazi